Wa Nyumba ya Scorza: Egidio Mazzorel, 1938–2025

"Babu Egidio, siku yako ikifika, pale langoni nani atajibu?"

Nilimuuliza marehemu hivyo mwezi wa Oktoba 2016, nikiwa na miaka saba, tulipokuwa tunatoka kumzika dada yake Onorina. Mama alinifinya bega.  Marehemu alitazama viatu vyake, akakung'uta udongo, akasema, "Twendeni, supu inapoa." Tukaenda, tukala, na hakuna aliyelirudia swali lile.

Naeleza kidogo kwa ajili ya wageni wachache tulio nao leo. Hapa Pradegan, ukiingia makaburini, karibu kila jiwe limeandikwa Mazzorel. Zamani kijiji kizima kiliitwa hivyo, kwa hiyo ukoo haukumtambulisha mtu. Kilichomtambulisha ni jina la nyumba: wa Paka, wa Msumari, wa Kengele, wa Scorza. Jeneza likifika langoni padri husimama na kuuliza, "Wa nyumba gani?" Mtu mmoja wa nyumba ile hujibu kwa sauti, ndipo lango linapofunguliwa. Hajibu jirani, hajibu rafiki. Hujibu mtu wa nyumba.

Kwa kawaida wasifu nao husomwa na ndugu. Marehemu hakubakiwa na ndugu, ndiyo maana Padri Flavio ameniomba nisome mimi, Ilinca Rotaru, mpangaji wa ghorofa ya juu.

Egidio Mazzorel alizaliwa hapa Pradegan siku ya Ijumaa, tarehe 11 Februari 1938, akiwa mtoto wa nne na wa mwisho wa Giacomo na Orsola Mazzorel, wa nyumba ya Scorza. Scorza ni ganda la mti. Babu wa baba yake aliezeka paa kwa maganda ya miti mwaka ambao mbao zilikosekana, akachekwa, na jina likabaki hata baada ya paa kubadilishwa. Mwaka aliozaliwa marehemu kijiji kilikuwa na watu 260, na kati yao 212 walikuwa akina Mazzorel. Watatu waliitwa Egidio Mazzorel. Mmoja alikuwa wa Paka, akafia vitani. Mwingine alikuwa wa Kengele, akaenda Brazili. Wa tatu ndiye huyu.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1944 hadi 1949, katika lile jengo ambalo sasa wanahifadhi mashine ya kusukuma theluji. Darasani walikuwa kumi na tisa, Mazzorel kumi na sita. Mwalimu hakuhangaika na majina ya daftarini, alisema tu, "Scorza, ubaoni," na Scorza akaenda. Marehemu alisimulia kwamba hadi alipofika miaka kumi aliamini kuwa kila mtu duniani anaitwa Mazzorel, na kwamba wale watatu waliobaki darasani walikuwa na kasoro fulani ambayo wazazi wao waliificha.

Machi 1952, akiwa na miaka kumi na minne, alipanda treni na mjomba wake kwenda Dortmund, Ujerumani, kutengeneza aiskrimu. Ndiyo ilikuwa kazi ya watu wa bonde hili: Machi unaondoka, Oktoba unarudi, majira ya baridi unakaa nyumbani na kurekebisha paa. Alianza kwa kuosha vikombe. Mwaka 1965 alifungua duka lake kwenye kona karibu na kituo cha tramu, na juu ya mlango akaweka herufi nyekundu: MAZZOREL. Aliweza kubeba vikombe saba kwa mkono mmoja. Yeye mwenyewe alikula aiskrimu ya limau tu, kwa sababu alisema nyingine zote unaweza kumdanganya mteja, lakini limau inakusema.

Kila Oktoba, aliporudi, alishuka kwenye basi kabla ya kufika kijijini, pale kwenye Daraja la Mazzorel, akasimama katikati na kuhesabu dohani zinazotoa moshi. Mwaka 1953 alihesabu hamsini na nane. Baada ya mafuriko ya Novemba 1966 zilikuwa thelathini na moja. Watu walikwenda Ujerumani, Uswisi, Brazili, Ajentina, au walishuka tu bondeni kwenye kiwanda cha miwani na hawakupanda tena. Aliandika namba hizo kwa penseli nyuma ya mlango wa jikoni. Bado zipo, nimezisoma. Ya mwisho ni ya 1997, nayo ni tisa.

Tarehe 20 Mei 1967 marehemu alifunga ndoa huko Dortmund na Hannelore Kruse, aliyekuwa akija dukani kila Jumamosi na kuagiza limau bila kuambiwa na mtu. Hannelore alikuja Pradegan mara moja tu, mwezi wa Januari, akakaa siku kumi na moja. Alipoulizwa kijiji amekionaje, alisema, "Ni kizuri, ila nadhani hapa hata theluji inaitwa Mazzorel." Marehemu alilirudia neno hilo kila theluji ya kwanza ilipoanguka, na alicheka peke yake. Hawakujaliwa mtoto. Hannelore alifariki tarehe 8 Juni 1996 na akazikwa kwao, katika makaburi ambayo marehemu alisema kila jiwe lina jina tofauti na hakuna anayeulizwa kitu.

Aliuza duka mwaka 1998. Walionunua, familia iliyotoka Ureno, waliomba kitu kimoja: herufi nyekundu zibaki, kwa kuwa wateja wamezizoea. Alikubali. Baadaye alijuta, halafu akajuta kwamba alijuta. Akarudi nyumbani kwa Onorina, ambaye hakuwahi kuondoka wala kuolewa, wakakaa wawili chini, na ghorofa ya juu tupu.

Septemba 2012 Onorina alivunjika nyonga. Mama yangu, Liuba, alitoka Moldova kuja kumwuguza, akapewa ghorofa ya juu, nami nikiwa na miaka mitatu nikaja naye. Onorina alikuwa kiziwi wa sikio la kulia na nusu ya kushoto. Nyumba ile ilikuwa ya kupiga kelele. "Onorina, chumvi!" "Nani amekufa?" "Chumvi!" Alipofariki mwaka 2016, kukawa kimya ghafla, na marehemu aliendelea kuzungumza kwa kelele kwa wiki kadhaa, kwa mazoea.

Siku ile langoni alijibu yeye. Alisema "Scorza" kwa sauti ndogo sana, padri wa wakati ule akalazimika kuuliza mara ya pili. Na wakati tunatoka nikamuuliza swali langu, kwa sababu nilikuwa nimehesabu vidole na kuona kwamba nyumba ya Scorza imebaki na kidole kimoja.

Sikujua nimefanya nini. Wiki iliyofuata marehemu alinunua daftari la jalada la kijani. Kwenye ukurasa wa kwanza aliandika: "Mazzorel, popote walipo." Alitaka kumpata mtu mmoja tu, mahali popote duniani, wa nyumba ya Scorza, ambaye angepanda ndege au treni siku hiyo moja na kusimama langoni. Hakusema ni kwa sababu ya swali langu, na mimi nililielewa miaka mingi baadaye. Alianza na barua. Nilipofika miaka kumi nikawa namsaidia kwa kompyuta ya shule, halafu kwa simu ya mama. Alivuta kiti karibu nami, akavaa miwani miwili kwa pamoja, na kusema, "Haya bibie, tafuta."

Tulipata vitu vingi. Karibu vyote havikuwa watu.

Tulipata tufaha la Mazzorel, dogo na kali, ambalo linalimwa na bwana mmoja upande wa pili wa mlima, na ambalo haliliwi hadi likae kwenye nyasi kavu mpaka Krismasi. Tulipata kituo cha basi kusini mwa Brazili kiitwacho Mazzorel. Marehemu aliandika barua kwa kampuni ya mabasi, wakamjibu kwa heshima kwamba jina ni la zamani, hawajui limetoka wapi, na kwamba hapo siku hizi hapandi mtu. Tulipata golikipa wa Ajentina aliyefungwa mabao saba mwaka 1961. Marehemu alifurahi kwa siku tatu, kwa kuwa mikono mibovu ilikuwa tabia ya nyumba yao. Mwishowe binti wa golikipa aliandika kwamba baba amefariki zamani, hakuacha mtoto wa kiume, na nyumbani kwao hakuna aliyewahi kusikia neno Scorza. Aliambatanisha picha. Marehemu aliitazama kwa muda mrefu. "Masikio si yetu," akasema, akaibandika daftarini hata hivyo.

Na tulipata mdudu. Mwaka 1911 mwalimu mmoja wa hapa, Mazzorel wa Kengele, aliingia pangoni juu ya malisho akatoka na kidudu kidogo cha rangi ya asali ambacho hakikuwa na jina, nacho kikapewa la kwake kwa Kilatini. Marehemu alilipeleka jambo hilo baa jioni ileile. Baa yetu ni ya Bruna, wa nyumba ya Msumari.

"Egidio, leo umempata nani?"

"Mdudu."

"Mdudu yupi?"

"Anakaa pangoni. Kipofu. Jina langu limo kwenye vitabu vya Chuo Kikuu."

"Huyo ni ndugu yako wa damu," Bruna akasema. "Hata wewe hutoki ndani, na karata huzioni."

"Wewe Msumari nyamaza. Babu yako alikuwa fundi viatu kutoka Trieste."

Hilo lilikuwa kweli, na Bruna hakulikana. Babu yake hakuwa Mazzorel. Alipanga chumba katika nyumba ya Msumari mwaka 1922, akagonga viatu pale dirishani, na baada ya miaka mitatu watu wakawa wanamwita Msumari, yeye na watoto wake, na alipokufa, langoni akajibiwa hivyo bila mtu kushangaa. Marehemu mwenyewe ndiye alinisimulia habari hiyo, zaidi ya mara moja, akicheka. Kisha alirudi kwenye daftari lake akaendelea kutafuta watu wa Brazili.

Kuna siku moja ambayo siwezi kuiruka. Ilikuwa Mei 2021. Nilimwonyesha kwenye simu picha ya duka lake la Dortmund. Herufi nyekundu bado zipo, ila ile O imepauka. Palikuwa na namba ya simu. Akaniambia niipige, na simu ikaitikiwa na mwanamke mwenye sauti ya uchangamfu: "Mazzorel, habari za mchana?"

Marehemu alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili. Tangu Onorina afariki, hakuwahi kumsikia mtu mwingine akijitaja hivyo. Yule mwanamke akasema tena, "Halo? Mazzorel hapa, nikusaidie nini?"

"Limau mbili," marehemu akasema kwa Kijerumani.

"Za kuchukua?"

"Hapana. Za kukaa."

Akakata simu. Alikaa jikoni hadi mama alipoteremka na sahani yake.

Mwaka jana daftari lilijaa. Katika miaka minane kulikuwa na majibu thelathini na nne, ya watu na ya makampuni, na hakuna hata mmoja aliyejua nyumba ya Scorza ni nini. Ukurasa wa mwisho aliandika: "Hakuna," akapiga mstari chini yake kwa rula.

Mwezi wa Oktoba miguu yake ilianza kuvimba na pumzi ikawa fupi. Daktari alisema ni moyo. Bado alitaka kwenda baa, na mimi nilimshika mkono, tukipumzika kila baada ya nguzo mbili. Siku moja tulipokuwa tunatoka, Bruna alinipigia kelele kutoka ndani bila hata kuinua kichwa kwenye glasi anazofuta.

"Wee Scorza mdogo, umeacha kofia."

Nikarudi nikachukua kofia. Nilipotoka, marehemu alikuwa amesimama palepale, ameshika nguzo ya mlango.

"Amekuita nani?"

"Ah, huwa wananiita hivyo."

"Tangu lini?"

"Sijui, Babu. Tangu shule ya msingi. Hata dereva wa basi."

Alitembea polepole kuliko kawaida hadi tukafika nyumbani. Nilidhani amechoka.

Alilazwa katika hospitali ya wilaya tarehe 29 Desemba. Muuguzi aliyekuja na fomu alimuuliza ndugu wa karibu ni nani. Marehemu alisema, "Andika daraja." Muuguzi akadhani mzee amechanganyikiwa, akamuuliza mwaka, siku na jina la mji. Akajibu yote sawasawa, kisha akasema, "Na kama daraja halipokei simu, kuna tufaha." Mama akamwambia muuguzi aandike Liuba Rotaru. Kwenye nafasi ya uhusiano muuguzi aliuliza aandike nini, na nafasi ile ikabaki wazi.

Tulikwenda kila siku, dakika hamsini za basi. Wodini walikuwa wanne, na wale watatu walikuja kutazamwa na watu wengi hivi kwamba viti viliazimwa kutoka kitanda chake. Hakulalamika. Aliwauliza wageni wa wenzake wanatoka wapi, na kama huko kwao wamewahi kumsikia Mazzorel yeyote. Mazoea.

Egidio Mazzorel alifariki dunia siku ya Jumanne, tarehe 14 Januari 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na sita. Mama alikuwa naye. Mimi nilikuwa kwenye mtihani wa hesabu.

Jumatano Padri Flavio, ambaye ana vijiji vitano vya kuhudumia na alikuja kwetu baada ya Onorina kufa, alimwambia mama kwa upole kwamba kwa kuwa ukoo umekwisha, leo langoni swali linaweza kurukwa, tuingie tu. Nilimwomba alibakishe. Akaniuliza kwa nini, nami nikamwambia kwamba jibu lipo. Nashukuru kwamba hakuniuliza zaidi.

Marehemu hakuacha mke, mtoto, kaka wala dada. Ameacha daraja moja la mawe lenye jina lake, ambalo magari mazito yamekatazwa kulipita. Ameacha aina moja ya tufaha, linaloiva likiwa limeshachumwa. Ameacha kidudu kipofu pangoni, ambacho hakijaarifiwa. Ameacha kituo cha basi Brazili, picha ya golikipa, na herufi nane nyekundu juu ya mlango wa watu wengine mjini Dortmund, ambao wametuma maua. Ni hayo pale mbele, yenye utepe wa manjano. Ameacha meza ya karata kwa Bruna yenye kiti kitupu. Na katika ghorofa ya juu ya nyumba namba saba ameacha watu wawili, ambao jina lao ni jingine.

Na alale karibu na Giacomo, Orsola na Onorina, apumzike kwa amani ambayo hahitaji tena kuiandikia barua.

Sasa tutaelekea langoni. Kabla hatujaondoka, nisome lililobaki.

Jumapili tarehe 12, siku mbili kabla hajatutoka, nilikuwa nimekaa peke yangu naye, nikimmenyea chungwa. Jua la mchana lilikuwa juu ya kitanda. Nilidhani amelala. Akasema, bila kufumbua macho, "Uliniuliza kitu siku ya Onorina."

Nikasema nilikuwa mtoto, anisamehe.

"Nimezunguka dunia nzima kukutafutia jibu," akasema, "na yule fundi viatu nilikuwa nakusimulia mwenyewe. Mzee mjinga." Akapumzika kidogo. Pumzi zilikuwa chache, alizitumia kwa mpango.

"Mnakaa humo miaka kumi na miwili. Nyumba ni ya anayewasha moto. Utajibu wewe. Na useme kwa sauti, Onorina hasikii vizuri."